Sayari Niliyotaka Iwepo

Tata, baba yangu mpendwa,

Mwili wangu ni mzima. Huko Kolwezi mnaendeleaje? Kifua chako kimeachia, au vumbi la malori ya mgodi bado linakukohoza? Mama naye, miguu inasemaje?

Tata, ile sayari niliyowaandikia kwamba nimeigundua haipo.

Nilikueleza kwamba tunapasua nuru ya nyota iwe rangi mbalimbali, kama wewe ulivyoitambua shaba kwa rangi ya moto wake kule labo, maabara ya mgodi. Katika rangi hizo mna mistari myembamba myeusi. Sayari ikiivuta nyota, mistari inasogea kidogo mno, halafu inarudi. Yangu ilirudi kila siku kumi na tisa. Nilipima mwaka mzima. Madame, mkubwa wangu, akajiandaa kuitangaza. Mama akaipeleka habari kanisani, mkashukuru.

Wiki iliyopita nikachungulia mstari mwingine, ule unaoonyesha madoa ya nyota yenyewe. Nao ulikuwa unabadilika kila siku kumi na tisa. Kumbe nyota inajizungusha na madoa yake, ndiyo yaliyonidanganya.

Siku mbili nilizirudia hesabu. Kibali changu cha kuishi huku ugenini kinaisha pamoja na mkataba, na mkataba ulisimama juu ya sayari hiyo. Hakuna aliyejua ila mimi. Niliwaza kunyamaza, Tata. Sikufichi.

Siku ya tatu nikampelekea Madame karatasi ya vipimo hivyo. Akauliza nani mwingine anajua. Nikajibu hakuna. Akaisoma karatasi mpaka mwisho. Kisha akasema kesho yake nisimame mwenyewe niwaeleze wenzangu.

Nilisimama, nikawaeleza. Mzee mmoja wa kazini akauliza, bila ukali, "Mbona hukuona mapema?"

"Kwa sababu nilitaka iwe sayari."

Hakuna aliyecheka.

Kuhusu mkataba bado wamenyamaza. Mlango ukigongwa, nadhani ni barua yao. Nilimpigia kaka aliyeko Kisenge, akaniambia, "Bakikufukuza, rudia kwetu, nyumba iko." Ndicho ninachoogopa: kurudi mikono mitupu, mnitazame.

Nisalimie shangazi wa Lubudi na mchungaji wetu. Mama usimwambie. Nitampigia mwenyewe Jumapili akishatoka kanisani, maana akijua kabla, hataweza kuimba kwayani.

Mi mutoto wako,
Kapinga