Kaka, Jina la Mama Faida Limeanguka Chini ya Ukurasa

Kaka yangu mpendwa, wewe uliyebaki Ntoto chini ya udongo,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni yako. Ulinivumilia tangu nilipokuwa nagombana na mwalimu wa katekisimu, basi nivumilie na leo.

Unakumbuka tulivyoanza sekretaria yetu hapa Bweremana, kile chumba cha kuchapa barua za watu, wewe, mimi, kompyuta mbili zilizochoka na printa moja yenye kikohozi? Wateja walileta flash zao mfukoni, zimechanganyika na funguo na ugoro. Walijua zina virusi, kwa hiyo walizipangusa kwa kitenge kabla ya kukupa, na wewe ulizipokea kwa heshima ukazipangusa tena kwa shati lako. "Sasa iko safi, Mama," ulisema, nami nikauma midomo nisicheke. Virusi vikala barua za watu mwezi mzima. Kisha ile programu ya wizi tuliyowekewa mjini ikajifunga, skrini ikawa nyeusi, ikatuita wezi mbele ya wateja. Ndipo ulipoweka Linux, ule mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, kwenye mashini zote mbili. Zikafufuka. Sola yetu ndogo ikatosha, virusi vikakosa chakula, nawe ukazunguka chumbani kama bwana harusi.

Nilikuuliza swali moja tu siku ile: kanevasi za biro zitafunguka sawasawa? Kanevasi, ile karatasi ya mfano ambayo kila biro, kila ofisi ya mjini, hututumia tuijaze bila kugusa umbo lake. Ulinijibu ukitabasamu: "Programu ya bure inatosha, mudogo wangu. Kama kitu kidogo inahama, tutairudisha na mukono. Tutazoea."

Tulizoea, kaka. Miaka yote tulisukuma mistari kwa mkono, tukaiita kazi.

Unajua shamba linavyoandikwa nyumbani Kingi. Wenye mashamba wanapanda kilima pamoja na majirani, wanafuata miyenzi, ile miti ya mpaka, na kila mmoja anasema kwa sauti pake panaishia wapi. Kisha karatasi inasomwa hadharani, ndipo watu wanaweka kidole. Wewe ndiwe uliyekuwa msomaji wao. Walikuamini kwa sababu ulisoma hata alama. "Koma," ulisema, na wazee wakaitikia kama wako kanisani.

Mwaka huu biro moja ya ardhi mjini ilitaka mashamba yote ya kilima chetu kwenye kanevasi yake. Nikapanda, nikatembea na watu, nikajaza, nikasoma. Wakaweka vidole kwenye nakala yangu. Nikatuma faili, na PDF yake pia, asije mtu akasema nililala. Wakajibu kwamba PDF haihaririki, wao watatumia faili lenyewe.

Sasa sikia. Kwenye kanevasi ile majina yamewekwa ndani ya visanduku vinavyoelea juu ya jedwali. Kwangu kila jina lilikaa mbele ya shamba lake. Kwao, walipofungua faili lile lile kwa programu yao ya kulipia, visanduku viliteremka mstari mmoja. Mstari mmoja tu! Shamba la kwanza, la parokia, likabaki bila mwenyewe. Kila familia ikapewa shamba la anayefuata. Na Mama Faida, mjane, wa mwisho kwenye orodha, jina lake likaanguka nje ya jedwali, chini kabisa, karibu na namba ya ukurasa. Shamba lake likachukua jina lililomtangulia: Papa Anselme, shemeji yake, yule ambaye tangu mazishi ya ndugu yake anasema mjane hana kilima. Hakuna aliyelinganisha na PDF. Wakapiga muhuri.

Karatasi ilirudi ikasomwa Jumapili baada ya misa. Msomaji ni mimi. Nilipofika mistari ya mwisho nikaanza kuihesabu upya kwa kidole.

"Endelea, Papa," alisema Anselme. "Mbona unanyamaza? Iko na muhuri."

"Jina yangu iko wapi?" Mama Faida akauliza.

"Iko huku chini, Mama."

"Chini wapi? Na shamba yangu?"

Mtu mmoja nyuma akapaza sauti: "Bamemupa namba ya ukurasa, alime humo!" Watu wakacheka. Mama Faida hakucheka. Alinitazama mpaka kicheko kikaisha.

"Kaka yako alikuwa anasoma hata koma," alisema. "Wewe umekula jina muzima."

Familia nyingine zilitikisa kichwa zikaendelea kulima panapojulikana. Papa Anselme peke yake aliamini karatasi. Kesho yake alipanda maharagwe katika shamba la mjane.

Nilishuka mjini. Karani wa biro akaniambia marekebisho yatangoja kikao kingine, tena yaletwe kwenye kanevasi ile ile, safi. Nikamweleza kuhusu Linux. "Linux njo nini, Papa? Dawa?" Nikamwambia ndiyo, dawa, lakini mnatulazimisha tuinywe na sumu yenu.

Basi hasira yangu niitume inakostahili. Nawataja hao wanaotengeneza programu kubwa za kuandikia, zile ambazo kila biro duniani imezigeuza kuwa sheria. Hawataki kuzitengeneza kwa ajili ya Linux; wanasema watu wake ni wachache, soko dogo. Kompyuta zao wenyewe, zile zinazotunza kazi za wateja wao, nyingi zinaendeshwa na mfumo huo huo. Simu walizozifuata hadi mfukoni mwa muuza samaki wa sambaza hapa ziwani, nyingi zina Linux tumboni. Wanaijua vizuri sana. Wakitaka kula juu yake, wanaiweza. Sisi tukitaka kuandika juu yake, inakuwa ngumu.

Wananiambia nitumie ile ya mtandaoni. Mtandao gani? Ule unaokuja Jumanne ukaondoka bila kuaga? Wengine wananielekeza njia za kuidanganya programu ijione iko nyumbani kwake. Nimejaribu: inafunguka, inafikiri, inakufa, na kurasa za watu zinakufa nayo. Siombi sadaka, kaka. Niko tayari kununua. Nataka programu hiyo hiyo, kamili, iliyotengenezwa kwa Linux, ikae ndani ya mashini yangu, ifanye kazi bila mtandao, na ninachokisoma Kingi kisomeke vilevile mjini. Muuzaji anayekataa mnunuzi, kisha akamwacha mjane alipe gharama ya kukataa kwake, simwiti mfanyabiashara.

Na ninyi marafiki wa programu ya bure, msipige makofi. Kila nikilalamika mnanijibu kwamba biro ndiyo ibadilike. Ibadilike, nakubali! Lakini maharagwe ya Anselme yameshatoa majani mawili. Wewe nawe ulikuwa mmoja wao, kaka, na leo nakuambia kile nilichokimeza ukiwa hai: ulikosea. Uliipenda ile mashini iliyokuokoa hata ukakataa kuona inapokwama. Mimi nilikubali kimya kwa sababu nilikupenda wewe, na hilo ni kosa langu.

Juzi Mama Faida alishuka hadi hapa Bweremana kwa miguu. Alikataa kiti.

"Ni mashini yako njo ilinitosha mu karatasi, ao ni Leta?" aliuliza.

"Ni mashini, Mama. Serikali haikukutoa."

"Basi uje ukaseme hivyo mu shamba. Mbele ya Anselme. Mbele ya bote."

Nimemwambia nitakwenda. Kesho asubuhi napanda Kingi. Nitasimama katikati ya maharagwe yale na nakala yenye vidole vyao mkononi, niseme kwamba sekretaria yetu, yako na yangu, ndiyo iliyopotosha majina. Kwamba muhuri ulipigwa juu ya kosa letu. Baada ya hapo sidhani kama kilima kile kitanipa tena karatasi nikisomee. Sifa uliyoniachia itaisha hapo, kwa mdomo wangu mwenyewe. Lakini Anselme ataling'oa shina la kwanza watu wakimtazama, au atabaki amesimama juu ya uongo anaoujua.

Pumzika, kaka. Ya huku juu niachie.

Ni mimi mdogo wako, anayekupenda hata anapokugombeza.