Makofi ya Renante Mbele ya Kamera

Sibalom, Antique
14 Mei

Mpendwa Shangazi Purita,

Hapana, Shangazi, Renante hakujitoa kwenye uchaguzi. Hayo uliyoyasikia huko Puerto Princesa ndiyo hayo hayo yaliyotuumiza huku, na nitakueleza. Lakini kwanza, hujambo? Goti linaendeleaje? Sisi tu wazima. Nami, nisikufiche, kila asubuhi namtazama mume wangu akinywa kahawa, najiuliza nilimpataje. Ndoa tamu, Shangazi! Hata akikoroma nasikia raha.

Unajua aligombea ugavana kwa chama chake kidogo cha wakulima. Alitaka jambo moja tu: uchimbaji wa kokoto mtoni ukome kabla mashamba yote ya mpunga hayajamomonyoka. Kituo cha televisheni kilipotangaza mdahalo, watu wa kule juu mtoni walipanga kukusanyika dukani kwa mzee Doming wamtazame. Nilimpigia pasi barong yake, lile shati rasmi la harusi. Alipendeza hadi nikasahau kufunga mlango wa nyumba.

Tulipofika ukumbini, dada mmoja wa kituo akatuzuia. Wanaopanda jukwaani, alisema, ni waliopata asilimia tano kwenye kura ya maoni.

"Na jina langu mliwauliza watu?" Renante akamwuliza.

"Wewe uko kwenye 'wengineo', kaka."

"Basi mimi ndiye Bi. Wengineo," nikasema, nikicheka ili nisilie. Dada naye akacheka, akatupa viti vya mbele vya watazamaji, na mkate na juisi.

Laiti tungerudi nyumbani saa ile! Tulikaa. Mto haukutajwa hata mara moja. Renante alinyoosha mkono, kipaza sauti kikampita. Gavana, anayetetea kiti chake, alipomaliza kusema, ukumbi mzima ukapiga makofi, na Renante naye, ulimwona harusini alivyo na adabu, akapiga. Hapo ndipo kamera ilipomwonyesha.

Mama mkwe alitupokea mlangoni. "Mwanangu, nimekuona kwenye televisheni! Lakini mbona unamshangilia yule?"

Kuanzia kesho yake tulipanda juu mtoni nyumba kwa nyumba, tope hadi magotini, tukieleza kwamba Renante bado anagombea. Siku za kampeni zikaisha kabla ya nyumba.

Baada ya matokeo, mzee Doming alimshika Renante mkono. "Kura zetu zilikuwa zako, kijana. Lakini tulikuona ukimpigia makofi. Tukasema, huyu ameshaelewana na mkubwa."

"Ilikuwa adabu tu, mzee."

"Adabu gani hiyo! Si ungeshika hata juisi kwa mikono yote miwili!"

Watu wakacheka, na Renante akacheka nao.

Malori ya kokoto bado yanapita mbele ya nyumba yetu. Mume wangu haulalamikii uchaguzi, ila akiosha vyombo naona midomo yake ikicheza. Anayasema yale aliyoyaandaa kwa mdahalo. Nimeyasikia yote, Shangazi, nikiwa nimesimama nyuma yake, na ni mazuri mno kubaki jikoni.

Nisalimie Mjomba Lando na binamu Jovelyn. Mwenyezi Mungu akuponye goti na akuzidishie siku njema.

Tunakuja. Kabla mwezi huu haujaisha tutapanda meli kutoka Iloilo. Renante akishakaa sebuleni kwako, mwulize habari za mto, kisha mwache aseme mpaka amalize.

Mwanao akupendaye sana,
Edralyn