Faida Hakugusa Kitu

Bukavu, Jumanne, 1957. Mvua inanyesha tangu asubuhi, na hasira niliyo nayo hata chai haikuishusha.

Leo alikuja yule daktari wa Kibelgiji wa kupima akili za watoto walio wazito wa kuelewa. Anayeshindwa anatoka shuleni kwetu, na hakuna shule nyingine ya wasichana itakayompokea.

Darasani mwangu aliitwa mmoja tu, Faida, mwenye miaka tisa. Ni mzito, sikatai. Jambo umweleze mara tatu, mara nne, na kesho umkumbushe. Lakini likishaingia halitoki. Herufi za jina lake tulizipanga kwa maharagwe hadi zikamkaa, na sasa anaziandika bila kuniangalia.

Wiki iliyopita Sista mkuu alituamuru tuwatie watoto adabu kabla ya mgeni kufika. Mtoto asiguse kitu cha mzungu bila ruhusa. Akipewa, apokee kwa mikono miwili na kushukuru. Nilimrudishia Faida somo hilo kila siku baada ya masomo.

Leo daktari aliweka mezani ubao wenye matundu, akamwaga kando yake vipande vya mbao: duara, pembe tatu, nyota. Kila kipande kina tundu lake, na mtoto avipange vyote kabla muda haujaisha. Akabonyeza saa yake.

Faida akakaa, mikono mapajani, akingoja ruhusa.

Nilifungua mdomo, Sista akanikazia macho. Mwishowe daktari mwenyewe akamnyooshea nyota. Faida akapiga makofi kidogo ya heshima, kama tulivyolelewa sisi Bashi, akapokea kwa mikono miwili, akasema merci, akaiweka mahali pake hasa. Kisha akangoja tena, mpaka muda ukaisha.

"Huyu hapana akili," daktari alisema, mbele ya mtoto.

Nilimfuata Sista ofisini kumweleza. Akanijibu kwamba saa haidanganyi. Adabu waliidai wao wenyewe, leo wanaiita upumbavu! Nimechoka na watu hawa.

Nilipotoka, Faida alikuwa ananisubiri barazani.

"Madamu, nilifanya muzuri? Sikugusa kitu."

"Ulifanya muzuri sana, mama."

Akaondoka mbio kwenye mvua, kwenda kwao Kadutu kumwambia mama yake kwamba ameshinda.

Kesho ni mimi nitakayepanda Kadutu kumweleza yule mama. Nitaanzia wapi?