Gurudumu la Nne

Jumatatu, 27 Februari

Injini imewaka! Mara ya kwanza tangu Baba afariki — miaka kumi na tisa. Ilikohoa, ikatoa moshi mweusi mpaka jirani akafunga madirisha, halafu ikatulia na kunguruma vilevile kama enzi zake. Nimelia kidogo. Fundi Wijepala akajifanya anatafuta spana.

Morris yetu ya mwaka hamsini na nane. Breki mpya, klachi mpya, sakafu imechomelewa bati jipya, viti vimeshonwa. Kimebaki kitu kimoja tu: gari halina magurudumu. Liko juu ya matofali uani kwangu hapa Kegalle, kama lilivyoachwa siku ya saba ya msiba wa Baba, nilipogombana na Kaka Gunasiri. Yeye: mimi mkubwa, gari langu. Mimi: Baba alinipa ufunguo kwa mkono wake. Watawa wa hekalu hawajamaliza kula sadaka ya marehemu, sisi tunapigiana kelele! Kesho yake tukaamka, gari liko juu ya matofali, na Kaka keshaondoka kwenda kwake Rambukkana na magurudumu yote manne. Ujumbe alimwachia Mama: kama siliendeshi mimi, na yeye asiliendeshe.

Nimeapa. Kabla ya Mwaka Mpya, katikati ya Aprili, gari litoke getini. Magurudumu nitanunua. Simwombi mtu.

Ijumaa, 3 Machi

Nimekwenda na fundi kwa muuza rimu, barabara ya Kandy. Kuna za aloi, inchi kumi na tatu, pana, zinametameta. Nimezipenda. Wijepala kazizunguka mara mbili, akatema mate pembeni. "Karani, hii ni kumvalisha bibi harusi raba."

Anasema Morris inataka rimu zake za chuma, inchi kumi na nne, na vifuniko vyake vya kung'aa. Anajua fika nani anazo. Sasa mbona anazisifia hivyo? Ana lake jambo huyu.

Alhamisi, 9 Machi

Leo saa nne bajaji imesimama getini. Dereva, mtu mzima mwenye kitambi, kashusha kitu kimefungwa gunia. Gurudumu! Moja.

Nikamuuliza limetoka wapi. Rambukkana. Kwa nani? "Mzee, nimelipwa kuleta, sikulipwa kuongea." Akageuza bajaji, akaenda zake.

Ni la kwetu. Lina ule ubonyeo Baba alioupata kwenye ngazi ya hekalu. Limepakwa rangi ya maziwa, na tairi ni jipya. Nani anamtumia adui yake tairi jipya? Nimekaa miaka thelathini na miwili kwenye meza ya usajili wa ardhi. Nimeona ndugu wakipelekeana mafenesi Jumatatu, na Jumatano wako mbele yangu na hati ya kughushi. Mimi si wa jana.

Na nani kamwambia kwamba gari linatengenezwa?

Ijumaa, 10 Machi

Nimelikatia gurudumu ndimu saba za kuondoa uchawi, kwa mkasi wa popoo, nikasoma maneno yote. Mke wangu Hemalata kasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Baba Nayana, yaani unaliogopa gurudumu?" Siliogopi. Natahadhari. Watu huweka vitu. Halafu kanikumbusha kwamba zile ndimu zilikuwa za samaki wa mchana.

Nimemwamuru Wijepala avue tairi, aangalie kama kuna hirizi. Ndani: tyubu, na poda nyeupe ya tyubu. Hakuna kingine. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi.

Jumanne, 14 Machi

La pili! Bajaji ileile, gunia lilelile, kimya kilekile. Nilimwekea dereva chai na sukari guru ili alainike. Kanywa vikombe viwili, akala na ndizi, hakusema neno. Watu wa Rambukkana!

Jumamosi, 18 Machi

Leo nimegundua — nilidhani nimegundua.

Rangi ya magurudumu yale ni nene mno. Nikamwambia Wijepala: mtu hapaki rangi nene bure, huwa anaficha ufa. Anataka nishuke mteremko wa Kadugannawa, gurudumu lipasuke, gari liingie bondeni, yeye arithi hata kiwanja changu. Piga msasa!

Kapiga msasa. Chini ya rangi ya maziwa, rangi ya maziwa. Chini yake tena, rangi ya maziwa. Akawa anahesabu kwa sauti kama mnadi wa sokoni. Kumi na saba, kumi na nane... Akafika kwenye chuma. Cheupe, safi, hakuna kutu wala ufa. Matabaka ya rangi ni kumi na tisa.

"Karani," kasema Wijepala, "huyu mtu amekuwa akiyapaka kila mwaka."

Kila mwaka, ya nini? Hana gari la kuyavalisha. Nimemwambia fundi apeleke msasa wake kwake, leo kazi imekwisha. Nimekasirika, na sijui nimemkasirikia nani.

Jumamosi, 25 Machi

La tatu. Sikulikatia ndimu. Limefungwa kwenye ekseli ya nyuma. Sasa matofali yamebaki kona moja tu, mbele kulia — upande wa usukani. Nimekaa ndani, nikashika usukani. Harufu ya Baba haimo tena, Wijepala kaiua kwa gundi ya viti.

Jumapili, 2 Aprili

Wiki nzima nimesubiri bajaji. Hakuna. Nilijua! Katuma matatu ili nikate tamaa ya aloi, halafu la nne alifanye kitanzi.

Na leo nimemkamata aliyevujisha habari. Si Wijepala. Nimeingia jikoni kutafuta kiberiti, Hemalata yuko kwenye simu, anacheka: "Shemeji yako hajambo, anayakatia magurudumu ndimu!" Alikuwa akiongea na Karunawathi, mke wa Kaka.

Nikamuuliza wameanza lini kuongea. Hakushtuka hata kidogo. "Lini? Hatujawahi kuacha."

"Miaka kumi na tisa!"

"Mligombana nyinyi. Sisi hatukugombana."

Akaweka simu, akaanza kukuna nazi. Nimekula nyumbani kwangu miaka yote hii na jasusi.

Jumatano, 5 Aprili

Dereva amekuja mikono mitupu. Leo, kumbe, amelipwa kuongea! Kasimama wima kama mtoto wa shule: "Mzee Gunasiri anasema, la nne alifuate mwenyewe."

Basi. Nimemsubiri aseme zaidi. Hana zaidi.

Sasa imejulikana. Anataka niende kwake. Na ni msimu gani? Mwaka Mpya, wadogo wanapowapelekea wakubwa tambuu na kupiga magoti. Kanipigia hesabu vizuri. Nikifika nitakuta meza ina karatasi na kalamu, pengine na wakili kajificha chumbani. Au hakuna karatasi, na anataka tu kuniona kwenye sakafu yake.

Siendi. Nimempigia muuza rimu, kesho kutwa analeta za aloi.

Jumanne, 11 Aprili

Aloi zimefungwa zote nne. Wijepala alifanya kazi bila kunitazama. Gari limekaa chini, limepanuka miguu. Nikaingia, nikawasha, nikakata kona ya kwanza kuelekea getini. Krrrrr! Tairi linasugua bodi. Nikakata upande wa pili. Krrrrr!

"Naweza kukata bodi kidogo," kasema Wijepala. "Hapa, na hapa. Ya huku tunaikunja kwa nyundo."

Ile bodi Baba alikuwa anaifuta kwa singlendi yake. Nikamwambia ayavue. Akayavua upesi upesi, anapiga mluzi! Nimemuuliza kama tungefunga aloi moja na ya chuma matatu. Kaniambia naweza pia kuvaa kiatu kimoja na ndara moja, hakuna sheria inayokataza.

Ijumaa, 14 Aprili

Mwaka umeingia. Tumewasha moto saa ya heri, maziwa yamefurika chungu upande mzuri, tumekula wali wa tui. Gari lina magurudumu matatu na matofali. Mtoto wetu Nayana kapiga simu kutoka ugenini, akauliza limetoka getini? Nimemwambia mtandao mbaya.

Niandike ukweli, humu hasomi mtu. Ninaogopa. Si karatasi, si wakili. Naogopa nifike, nimkute mzee, nimwone na akili yangu ihesabu miaka.

Jumapili, 16 Aprili. Rambukkana, barazani kwa Kaka

Naandikia gotini. Nimefika saa tano, kwa bajaji ya dereva yule yule. Njia nzima kanyamaza, tulipofika tu ndipo akasema, "Nilidhani hutakuja, mzee." Hakutaka nauli. Kalipwa na nani? Sikuuliza.

Nimekuja kuchukua gurudumu, basi. Tambuu nimebeba kwa sababu Hemalata kanitia mkononi, haifai kukanyaga nyumba ya watu mikono mitupu siku hizi za Mwaka Mpya.

Shemeji Karunawathi kanipokea kama niliondoka juzi. Keki za mafuta, ndizi, chai. Kanenepa. Nimechungulia sebuleni: hakuna karatasi mezani. Chumbani pazia limefunguliwa, hakuna wakili. Nikasema sitakaa, nimefuata mzigo wangu.

"Uko hapo," kaniambia, akaonyesha kwa kidevu.

Gurudumu liko kwenye kigoda mwisho wa baraza, juu ya gazeti. Linang'aa. Nikaenda, nikalishika nilibebe — vidole vikabaki na rangi. Mbichi kabisa!

"Limepakwa lini?"

"Leo asubuhi. Hemalata alipopiga simu kwamba umetoka, kaka yako akakurupuka kwenda kutafuta brashi."

"Leo? Anajua nakuja kulichukua, ndiyo analipaka rangi leo?"

"Kaka yako anasema hiyo haikauki mpaka kesho." Hata hakunitazama, anapanga keki kwenye sahani. "Na ukilibeba hivyo utaharibu."

Hila! Nimeiona waziwazi. Miaka thelathini na miwili mezani sijaona hila ya wazi namna hii. Nikafungua mkoba nichukue kitambaa nijifute vidole. Humo ndani: saruni yangu ya kulalia. Mswaki. Dawa zangu za presha, za siku mbili, zimefungwa kwenye kikaratasi. Hemalata!

Nimekaa. Nimeandika haya yote ili mikono iwe na kazi. Kaka yuko nyuma ya nyumba, ananawa rangi kwa mafuta ya taa, harufu inafika hapa. Anakohoa. Ni kikohozi cha Baba, kilekile, mpaka nimegeuka kutazama.

Shemeji kaniuliza kwa upole kama magoti yangu bado yananisumbua. Nimesema kidogo. Kaenda kuleta mkeka, kautandika mbele ya kiti kitupu cha Kaka, akaingia ndani.

Bomba la maji limefungwa. Nasikia ndara zake zikiburuzika kando ya ukuta, anakuja polepole, anajishikilia. Tambuu hizi zimeanza kunyauka, nimezibana mno. Nitamwambia kwanza kwamba sikuja kwa ajili ya —