Baada ya Kuondoa Nyimbo

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Sisi tupo, tunamshukuru Mungu. Jikoni tumepaka rangi upya, na goti la Mama limepata nafuu.

Baba hakuacha kumtafuta Baba Mdogo. Kila jioni alikaa kwenye kompyuta yangu akaandika jina la mdogo wake, na kila mara alijitokeza yule mwimbaji mwenye jina hilohilo. "Kijana huyu ananizibia njia," alilalamika. Jumapili nikamwonyesha kwamba ukiweka alama ya kutoa mbele ya neno, kurasa zenye neno hilo haziletwi. Tukatoa "wimbo", tukatoa "albamu". Mwimbaji akapotea, ukabaki ukurasa mmoja: tangazo la mazishi la mwaka juzi, katika mji ule wa bandari alikokwenda kutafuta kazi. Picha ni yake, Shangazi. Hata kovu la kwenye unyusi lipo. Nisamehe kukuletea haya kwa karatasi.

Baba aliulizia kwenye kompyuta hiyohiyo nauli ya kwenda kaburini, lakini daktari wa moyo amemkataza safari. Sasa kila akisoma habari, yanamtokea matangazo ya tiketi za mji ule. Nilimweleza kuwa ni vidakuzi, kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziacha kwenye kompyuta ili zikutambue ukirudi, na kwamba naweza kuvifuta.

"Viache," akasema. "Nyumba hii hakuna mwingine anayethubutu kunitajia mji ule."

Mpigie simu, Shangazi. Umtajie.

Binti wa kaka yako