Jiwe Lako la Kilo Kumi

Baba,

Shikamoo. Ni mimi Somoe, nimekaa juu ya magunia ya korosho ambayo kila mtu hapa Rondo ananiambia niyauze upesi kabla mvua haijanikuta. Siuzi ng'o. Nisikilize kwanza.

Ulikufa ukiwasubiri wanunuzi binafsi. "Ngoja waje," ulikuwa unasema, "chama cha ushirika kitashika adabu." Haya, wamekuja. Soko huria, ndivyo wanavyoliita. Msimu wa kwanza walikuja watatu, kila mmoja na mizani yake, wakitugombania kama bibi harusi. Roho yangu ikasita. Nikalibeba lile jiwe ulilolipima kwenye mizani ya chama, ukaliweka nyuma ya mlango ili karani asije akatuchezea. Kila msimu ulikuwa unakwenda nalo begani, watu wanakucheka, na kila msimu mizani inasema kumi. Unarudi nyumbani unaimba.

Kwa mnunuzi wa kwanza likasoma kumi na moja.

Nikasema huyu mwizi. Lakini mwizi gani anajiibia mwenyewe? Nikaenda kwa wa pili: kumi na moja. Wa tatu, hivyo hivyo. Nikalipeleka zahanati, nesi akalitia kwenye ule mfuko wa kupimia watoto, akacheka mpaka akakaa chini. "Mwanao ana kilo kumi na moja, mama."

Baba, nililia pale pale. Jiwe halikuwa na kosa. Ulilipima kwa mizani ya walewale uliokuwa unawachunga, na mwingine wa kumuuliza hakuwepo; kila kilo zetu kumi na moja walizihesabu kumi. Miaka yote ile unarudi unaimba! Hasira hii sijui niipeleke wapi, karani naye tulishamzika.

Basi nikawauzia wale wageni, kwa moyo mweupe. Mwaka huu wawili hawakurudi. Amebaki mmoja, yule mcheshi anayewaletea watoto biskuti. Nimeliweka jiwe kwenye mizani yake ileile. Kumi! Eti mizani imechoka na safari. Nikamwambia basi ipumzike, na korosho zangu nazo zipumzike.

Nikashuka Lindi kwa ofisa wa mizani. Akaniambia siku hizi serikali haiingilii biashara za watu. Nikamuuliza, mbona kwenye ushuru mnaingia? Akasema ana kikao. Simtaki anipangie bei, Baba, hayo wewe uliyachoka kabla yangu. Namtaka aje aikague mizani, aigonge mhuri, aende zake.

Majirani nimewasihi tusimuuzie mpaka aje mnunuzi mwingine. Wamekubali, ila wengine wananung'unika, na mmoja simwamini hata kidogo. Wingu likipita naangalia juu. Naogopa, Baba.

Kuna hili la mwisho. Mama anataka jiwe likakae kichwani kwako, kaburi lijulikane. Nimekataa, amenuna tangu juzi. Nitakutafutia jingine zuri, nakuahidi. Hili nimeliandika kumi na moja kwa rangi nyekundu, na kesho natoka nalo tena begani. Wacha wanicheke.

Pumzika, Baba. Siku mizani ya yule mcheshi ikisema kweli, nitapita kaburini kwako nikiwa naimba.

Mwanao,
Somoe