Kwa Yusta, Ambaye Hakufika Kilindini

Mdogo wangu Yusta,

Jana nilikuwa nafundisha kidato cha tatu, somo la makazi ya viumbe, msichana mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono. Akauliza kama kuna chochote kinachoishi chini kabisa ya bahari, kule ambako jua halifiki. Nikamwambia hilo haliji kwenye mtihani. Akakaa. Nikageukia ubao kuandika kichwa cha somo, chaki ikanikatikia mkononi mara mbili. Nimelala na kuamka na jambo hilo. Mimi, kaka yako, mwalimu wa baiolojia hapa Magamba, nimemnyima mtoto wa watu jibu ambalo wewe ungelitoa mpaka kengele ipigwe na kipindi cha pili kiishe.

Ulianza kuwajua viumbe hao ukiwa na miaka tisa, umelala kwenye kitanda cha mama kule nyumbani Kabungu. Sikoseli, ule ugonjwa wako wa damu, ilikuwa imekubana wiki nzima. Vidole vimevimba, macho ya njano, na ulikuwa unalia bila sauti kwa sababu sauti ilikuwa imeisha. Mimi nilikuwa kidato cha pili, nimepanga chumba Mpanda mjini, na kila Ijumaa nilirudi nyumbani kwa baiskeli. Ijumaa ile nilikuja na kitabu kikubwa cha Kiingereza kutoka maktaba ya shule, hakina jalada, kimeliwa na mchwa pembeni. Nilikichukua kwa ajili ya picha. Nilitaka tu unyamaze kidogo, mama apate kwenda kupalilia.

Nilikutafsiria kwa Kiingereza changu cha kidato cha pili, na nilipokwama nilibuni. Nilikuonyesha samaki jike mwenye taa kwenye paji la uso, na dume lake dogo kama kucha, linalomng'ata ubavuni na kubaki hapo maisha yote mpaka ngozi zao zinaungana na damu inakuwa moja. Ulicheka ingawa mbavu zilikuuma. "Huyo mwanaume mvivu," ukasema. Kisha tukafika kwenye minyoo warefu wanaoishi pembeni ya matundu ya moto huko chini, wasio na mdomo wala tumbo, wanaolishwa na bakteria waliomo ndani ya miili yao. Ukaniambia nirudie ukurasa ule. Nikaurudia mara tatu. Wiki hiyo chakula kilikuwa hakipiti kabisa, na nadhani uliwaonea wivu.

Ulipofika darasa la saba, mama alitupeleka Karema kwenye msiba wa shangazi yake. Hapo ndipo ulipoliona Ziwa Tanganyika kwa mara ya kwanza. Ulisimama ufukweni hutaki kuondoka, ukaniuliza chini kabisa kuna wanyama gani. Nilikuwa chuo cha ualimu wakati huo na nilikuwa nimeshafundishwa, nikakueleza ukweli wote, kama mjinga. Nikakwambia maji ya juu na ya chini ya ziwa hili hayachanganyiki vya kutosha. Migebuka na dagaa wanaishi huku juu, lakini ukishashuka mita mia mbili hivi, oksijeni imekwisha. Kuanzia hapo mpaka kwenye tope la chini, zaidi ya kilomita nzima ya maji, hakuna samaki anayeweza kuishi. Ni bakteria tu.

Uso wako ulibadilika. Ulilitazama lile ziwa kama mtu aliyedanganywa.

"Kwa hiyo chote hiki ni bure?"

Nikawahi kukutuliza. Nikasema baharini ni tofauti. Kwenye ncha za dunia maji hupoa sana, yakawa mazito, yakazama na hewa yake, kisha yakatambaa polepole mpaka kwenye mabonde ya chini kuliko yote. Ndiyo maana hata kule kuna wanyama wanaopumua. Ulifikiri kidogo, halafu ukasema basi wewe utaenda baharini. Ulisema kama mtu anayesema ataenda gulioni.

Na ukaenda. Ulipanda treni hapa Mpanda na sanduku la bati na mfuko wa dawa, ukafika Dar es Salaam, ukasoma sayansi ya bahari. Ukija likizo ulikaa nasi kubangua karanga na kumweleza mama mambo ya kilindini kana kwamba ni habari za majirani. Mama aliuliza wanakula nini, kama jua halifiki na majani hayaoti. Ukamwambia kila kinachokufa huku juu hushuka vipande vidogo vidogo bila kukoma, kama unga unaopita kwenye chekeche, na wao wanaokota. Nyangumi akifa akazama, mzoga wake unalisha umati wa wanyama kwa miaka mingi, mpaka kuna minyoo ambao kazi yao ni kutoboa mifupa tu. Ukamwambia kuna kamba wekundu kabisa, na wekundu huo ndio maficho yao, kwa sababu mwanga mwekundu wa jua ndio unaokufa mapema majini, kwa hiyo kule chini mwekundu haonekani.

Mama akasema Mungu alijisumbua kuumba vitu ambavyo hakuna wa kuviangalia.

"Ndiyo maana nataka nikawaangalie, mama," ukamjibu.

Ukaanza shahada ya pili. Hapo ndipo ilipokuja nafasi ya meli ya utafiti, wiki sita bahari kuu, wakishusha kamera na masanduku mpaka sakafu ya bahari. Ulinipigia simu unaongea haraka mpaka nikakuomba upumue. Kulikuwa na fomu ya afya. Palipouliza ugonjwa wa kudumu, uliandika hapana. Palipouliza ndugu wa karibu, uliandika jina langu.

"Wakikupigia, kaka, sema mimi ni mzima. Hilo tu."

Nikakubali.

Daktari wao alipiga Jumanne, nikiwa ofisi ya walimu nasahihisha madaftari. Alikuwa mtu mpole. Alinieleza kwamba meli itakuwa mbali siku nyingi na hospitali yoyote, kwamba kule hakuna akiba ya damu, na kwamba baridi ya maabara za meli ni kali. Kisha akauliza kama kuna kitu wanachopaswa kujua kuhusu wewe. Nilikuwa na neno moja la kusema, na nilikuwa nimelifanyia mazoezi. Lakini nilianza kuviona vidole vyako vya miaka tisa. Nikamwambia. Nilimwambia kila kitu, Yusta, mpaka mara ngapi umeongezewa damu.

Alinishukuru sana. Siku mbili baadaye ukapiga. Hukupaza sauti.

"Uliwaambia?"

"Niliwaambia."



"Mimi nilikuwa nimeshakubali kufia huko, kaka. Ambaye hajakubali ni wewe."

Ukakata simu.

Meli iliondoka. Uliacha masomo njiani ukarudi Kabungu. Mama alifurahi kuwa na wewe, akafikiri umechoka na ugonjwa na utarudi chuoni ukipata nguvu. Hukurudi. Ulipika, ulifua, ulibangua karanga, na kila Jumapili nilipokuja uliniamkia vizuri, shikamoo yako haikupungua hata siku moja, na baada ya hapo hakukuwa na neno. Laiti ungenitukana. Nilikuwa nakaa pale barazani na mama anaongea kwa ajili yetu sote watatu.

Siku moja tu ulikuja mwenyewe hadi kwangu Magamba. Rafiki yako Rehema, yule aliyechukua nafasi yako kwenye meli, alikuwa amekutumia video, na mtandao wa Kabungu ulikuwa unasuasua. Uliitazama mara tatu peke yako. Kisha ukasogeza kiti karibu na changu, ukaiweka simu katikati yetu.

Alikuwa jongoo bahari, lakini si kama wale wanaokaushwa pwani. Huyu alikuwa mwekunduwekundu, mwili wake unapitisha mwanga kama kioo, hata utumbo uliojaa tope unauona. Aliinuka kutoka kwenye sakafu ya bahari na kuanza kuogelea kwa utando wake mpana kama shela, taratibu, kwenye weusi usio na mwisho. Ukanieleza. Anakula tope, anachuja mabaki machache yaliyofika, anasogea. Adui akimgusa, ngozi yake inawaka mwanga na kubanduka, inamnatia yule adui, halafu yule adui ndiye anayeonekana gizani na wawindaji wakubwa zaidi. Ulikuwa unachora hewani kwa kidole. Sauti yako ya zamani ilikuwa imerudi yote, na bega lako lilikuwa limegusa langu. Nikaona ndiyo nafasi yenyewe.

"Yusta, nisamehe."

Hukunitazama. Ulikuwa unaangalia simu.

"Angalia hapo nyuma yake," ukasema. "Kuna mwingine."

Hatukuongea tena habari ile. Februari iliyofuata, mvua zikiwa zimekolea, maumivu yalikukamata kifuani. Mama alinipigia asubuhi. Nilipata gari, lakini barabara ya kutoka nyumbani ilikuwa tope tupu, tukasukuma, tukakwama, tukasukuma tena, na wewe uko siti ya nyuma umelalia mapaja ya mama. Tulifika hospitali Mpanda mchana. Walifanya yote. Walikuwekea oksijeni, wakakuongezea damu, na kesho yake saa nne asubuhi, nikiwa nimetoka kukununulia uji, ukafa.

Nimelipindua jambo hili kila upande. Nilikuzuia usife mbali na hospitali, ukafia hospitalini. Kama ningesema lile neno moja, pengine meli ingekuua. Pengine ungeshuka salama na sanduku la chupa za viumbe, ungeishi mpaka Februari ileile, na ungekufa umeona. Hakuna hesabu ninayoifanya ikanipa Yusta aliye hai. Nilichokuokolea ni miaka miwili ya kubangua karanga.

Rehema alinipigia baada ya mazishi. Aliniambia viumbe walioletwa na meli ile bado wako kwenye chupa za spiriti, wengi wao hawana jina, na aliyekuwa na jicho la kuwatofautisha ni wewe. Yeye ameshaiacha kazi hiyo. Akaniambia pia kwamba kuna watu wanataka kwenda kukomba mawe ya madini yaliyolala kwenye sakafu ya bahari, mawe yanayokua kwa mamilioni ya miaka, na kuna wanyama wanaoishi juu ya mawe hayo tu na si kwingine. Sisi wa Mpanda tunajua ardhi inavyobaki wachimbaji wakishaondoka. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Nilijaribu kuwahurumia wale wanyama kwa niaba yako, nikashindwa. Sikuwa na huruma iliyobaki.

Siku ya mazishi padri alisema umeingia kwenye nuru isiyo na mwisho. Watu wakaitikia. Mimi nilikaa kwenye benchi nikijua kwamba katika maisha yako yote hukuwahi kuomba nuru.

Kuna jambo moja ambalo hukulijua, kwa sababu limekua baada yako. Mama hajui habari ya simu ile. Wewe hukumwambia, na sijui kama ulinifichia kwa upendo au kwa kutonijali. Anaamini watu wa meli walikukataa kwa dharau tu, kwa kuwa ni binti wa mkulima wa huku mwisho wa reli. Anaamini kukataliwa huko ndiko kulikokuvunja moyo, na moyo ndio ulioita ugonjwa. Kila Jumapili baada ya chakula ananishika mkono, anafumba macho, anamwomba Mungu amlipe yule aliyemzuia mwanaye, amlipe kwake mwenyewe na kwa watoto wake. Anaomba taratibu, hasahau kitu. Halafu ananisubiri, nami naitikia amina.

Nimeitikia mwaka mzima. Barua hii nimeiandika bila kuficha kitu, ili nikishaanza kuisoma nisiweze kuirudisha mfukoni. Jumapili ijayo nitaenda Kabungu, nitamsomea mama mstari kwa mstari, kabla hajafumba macho. Sitegemei kusamehewa, nimeshazoea. Ila wewe ulipoondoka, alibakiwa na mtoto mmoja, na sijui nikimaliza kusoma atakuwa amebakiwa na nani.

Lala, mdogo wangu. Huku hakuna ulichokiacha kikabaki kimesimama.

Mimi, kaka yako